Matope ya Safari Rally juu ya meza ya jikoni

Wiki mbili zilizopita niliandika kuhusu modeli, yaani gari dogo la plastiki la kuunganisha, ya Peugeot 404 niliyoimaliza baada ya kuiacha sandukuni kwa miaka. Tangu siku hiyo ujumbe haujakoma. Nimechagua maswali machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Fundi, nataka kuanza kujenga modeli za magari ya zamani ya mashindano ya Safari Rally. Nianze na lipi, na vifaa gani vinatosha? (Msomaji, Umoja)

Anza na kipimo cha 1/24. Kila sentimita 24 za gari la kweli zinakuwa sentimita moja mezani, kwa hiyo Datsun 240Z, gari la mita 4.1 hivi, inabaki sentimita 17, pungufu ya shubiri. Seti za 1/12 zinavutia sana kwenye picha, lakini ni ghali, vipande vyake ni vingi, na nimeona wengi wakizifungua kwa shangwe kisha wakazirudisha juu ya kabati.

Hiyo 240Z ndiyo ningeichukua kwanza. Watengenezaji kadhaa wa Japani wameitoa, na historia yake ni ya hapa kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari nayo, gari jekundu lenye boneti nyeusi, nambari 11. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na 240Z nyingine baada ya kulingana alama na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun vilevile. Hakikisha tu sanduku limeandikwa kwamba ni gari la Safari. Seti ya gari la kawaida haina taa za ziada wala vyuma vya kukinga bampa, na kuvitengeneza mwenyewe si kazi ya anayeanza. Kisha tafuta picha za gari lenyewe kabla ya kubandika dashibodi, uone usukani uko upande gani.

Vifaa: kikata kucha kipya, wembe, msasa wa maji namba 400, 800 na 1000, vibanio vya nguo, utepe wa karatasi wa mafundi rangi, na gundi ya plastiki ile nyepesi kama maji. Kwenye gundi usibane pesa. Inayeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili vishikane viwe kimoja, ilhali supaglu inakaa katikati yake tu, na siku modeli ikianguka inaachia. Ukikata kipande kutoka kwenye fremu yake, kata mara mbili: kwanza mbali, halafu karibu. Anayekata mara moja plastiki humng'okea na kuacha kidonda cheupe.

Na ukiagiza, usiseme nyumbani kwamba umenunua "kiti" kutoka Japani, ukimaanisha "kit", seti kwa Kiingereza. Mimi nilisema. Mzigo ulipofika, una ukubwa wa sanduku la viatu, nilijieleza jioni nzima.

Nimeipaka modeli yangu ya Ford Escort matope ya kahawia lakini inaonekana kama imemwagiwa uji. Nimekosea wapi? (Msomaji, Ongata Rongai)

Nimeiona picha uliyotuma. Kosa la kwanza ni kwamba matope yako yako kila mahali, tena kwa unene mmoja. Matope ya kweli yana njia yake. Tairi huyarusha nyuma na juu, kwa hiyo yanajaa ndani ya madigadi, yanatapakaa sehemu ya chini ya mlango, na yanapungua kadiri unavyopanda kuelekea dirishani. Nyuma ya gari ndiko kuchafu kuliko kote, kwa sababu gari linapokimbia hewa iliyo nyuma yake hulivuta vumbi na kulibandika kwenye buti. Boneti hupata kidogo tu. Kioo cha mbele kinabaki na zile nusu duara mbili safi za waipa. Taa na nambari za mlangoni hufutwa na mafundi kila gari linaposimama kuhudumiwa, kwa hiyo pitisha kijiti chenye pamba iliyoloweshwa kidogo kwenye nambari, uache alama ya mkono wa mtu mwenye haraka. Ukifanya hilo moja tu, gari litaonekana limetoka barabarani.

Kosa la pili ni rangi. Kahawia ya dukani si udongo wa mahali popote. Ukitoka Nairobi kupanda Limuru udongo ni mwekundu. Ukishuka Kitengela na Athi River unakutana na ule mweusi unaonata, ambao wajenzi wa nyumba huko wanaujua kwa machozi. Naivasha, ambako mashindano yamekuwa tangu yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kuna vumbi jepesi la kijivu la asili ya volkano, ambalo madereva wanaliita feshi-feshi. Safari za zamani zilikuwa zikifanyika Pasaka, mvua za masika zikianza, kwa hiyo siku moja gari lingeweza kula vumbi asubuhi na kuzama matopeni jioni. Chagua: gari lako linatoka wapi, na lilipita wapi saa moja kabla? Vumbi la kale, lililopauka, liwe chini, na tope bichi, jeusi kidogo na lenye kung'aa, lije juu yake na sehemu chache tu.

Sasa udongo wenyewe. Mimi natumia wa kweli. Kikombe kimoja kinakutosha mwaka mzima. Ukaange kwenye sufuria kuukuu dakika kumi ili ukauke kabisa na usije ukaota ukungu, usage kwa chupa, halafu uchekeche kwa soksi ndefu ya nailoni. Usiruke hatua ya soksi. Chembe ya nusu milimita kwenye kipimo cha 1/24 ni sawa na jiwe la milimita 12, punje ya hindi. Ukiacha chembe hizo, mlango wako utaonekana umepigwa mawe badala ya matope, na nadhani huo ndio uji unaouona. Udongo uwe laini kama poda ya mtoto. Changanya na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, chovya mswaki wa zamani, uelekeze nyuma ya gurudumu na uvute nywele zake kwa kidole. Jaribu kwanza kwenye kifuniko cha sanduku.

Escort yako unaweza kuiokoa. Matope yenye gundi nyeupe hulainika kwa maji ya uvuguvugu. Yafute, uanze tena kutoka kwenye madigadi.

Nilipuliza rangi mwezi wa Julai, ikakauka na ukungu mweupe kama maziwa. Rangi ni feki? (Msomaji, Kinoo)

Huenda rangi ni nzima, hali ya hewa ndiyo iliyokusaliti. Tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, inapokimbia kutoka kwenye rangi inaupoza uso wa plastiki, na siku ya baridi yenye manyunyu unyevu wa hewani unanasa juu yake kabla rangi haijakauka. Huko Kinoo Julai asubuhi hata nguo kwenye kamba hazikauki, rangi itakaukaje?

Subiri siku yenye jua, puliza kati ya saa tano na saa tisa mchana. Kopo liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache, maji ambayo mkono unavumilia bila shida. Usilipashe kwenye moto, na usipulize karibu na jiko la gesi wala mshumaa. Rangi hizo zinashika moto, na bedsitter haina mlango wa pili. Ukungu ulioko sasa mara nyingi huondoka ukipuliza tabaka jepesi sana la rangi ileile siku kavu. Ukigoma, msasa wa 1000 kwa maji, kisha urudie.

Kwa kukaushia, wengi walikuwa wakitumia boksi la kadibodi lenye balbu ndani. Balbu za siku hizi za LED hazitoi joto la maana, kwa hiyo boksi linabaki kuwa kinga ya vumbi tu, ambayo nayo si haba.

Naweza kutumia rangi ya gari la kweli, ile inayochanganywa Kirinyaga Road? (Wasomaji watatu, mitaa tofauti)

Ndiyo, na inang'aa vizuri, lakini kamwe usiipulize kwenye plastiki tupu. Nilifanya hivyo mara moja, kwa ushauri wa muuza duka aliyeniapia kwamba "plastiki ni plastiki". Paa la Lancer yangu lilijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Tina ya rangi za magari ni kali na inakula plastiki ya modeli. Anza na praima ya modeli, yaani rangi ya kwanza ya chini, tabaka mbili nyepesi, ziache zikauke kwa siku moja, ndipo upulize rangi kwa ukungu mwembamba, si kwa kulowesha. Vaa barakoa ya mafundi wa kupuliza yenye chujio. Ile ya kitambaa ya enzi za korona haizuii mvuke wa tina.

Sanduku la Opel Ascona linaonyesha gari la dereva Ari Vatanen la 1983, lakini stika za sigara za Rothmans hazimo. Nimeibiwa? (Msomaji, South B)

Hujaibiwa. Seti nyingi hutolewa bila majina ya sigara kwa sababu ya sheria za matangazo ya tumbaku, na ndiyo maana modeli nyingi za miaka ya themanini zinakuja zikiwa nusu uchi. Stika hizo huuzwa kando na watengenezaji wadogo. Angalia zimechorwa kwa kipimo gani kabla ya kulipa. Waliokosea wakaletewa za 1/43 wananijua kwa simu.

Nilibandika kioo cha mbele kwa supaglu, kikafunga ukungu.

Ni mvuke wa supaglu. Kwenye vioo tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Kwa kioo hicho jaribu kukisugua na dawa ya meno na kitambaa laini. Kama ukungu uko upande wa ndani na gari limeshafungwa, sema ni vumbi la Naivasha.

Binti yangu wa miaka tisa anataka kusaidia. Nimpe kazi gani isiyo na wembe? (Baba wa Kasarani)

Mpe stika. Wengi wetu watu wazima tunazichana kwa haraka zetu, na vidole vyake ni vidogo kuliko vyako. Mwekee maji ya uvuguvugu kwenye kisosi. Wewe kata stika, yeye aizamishe kwa kibanio cha nyusi, ahesabu hadi ishirini, aitoe, na aisubiri juu ya tishu mpaka iteleze yenyewe kwenye karatasi. Hapo ndipo kazi ilipo, maana akiisukuma kabla haijawa tayari itachanika. Aitelezeshe kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi mlangoni, asiinyanyue. Ikigoma kulala kwenye mkunjo wa madigadi, tone la siki nyeupe iliyochanganywa na maji litailainisha.

Aanze na nambari ya mlango wa abiria. Ikikaa upande kidogo, geuza gari ukutani na umwache aendelee na upande wa dereva.