Gia ya nyuma inakwaruza

SWALI: Fundi, shikamoo. Mashine yangu ya boti ni ya zamani, mipigo miwili, nguvu farasi 40. Tangu tubadilishe impela ya pampu ya maji, gia ya mbele inaingia vizuri, ya nyuma inakwaruza tu. Ninunue gia mpya? – Mvuvi, Kilwa Kivinje

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Ili kufikia impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji, mguu wa chini wa mashine, wenye gia na propela, hushushwa na nondo ya gia hufunguliwa kwenye kiungo chake. Kikirudishwa mizunguko miwili mitatu juu au chini ya pale kilipokuwa, gia ya upande mmoja haifiki. Naamini ugonjwa wako uko hapo.

Zima mashine, chomoa waya za plagi. Weka nyutro: propela izunguke bila kushika. Kisha mwenzako aizungushe polepole kwa mkono wewe ukiingiza nyuma. Isiposhika, legeza nati ya kiungo, kisogeze nusu mzunguko, jaribu tena. Mimi huweka alama ya rangi kabla ya kufungua chochote, maana nimeona vijana wakivunja gia nzima kwa kosa hili dogo.

Ikigoma bado, mwaga oili ya gia. Unga laini kwenye sumaku ya skrubu ni kawaida. Vipande vya chuma maana yake meno yameliwa. Oili nyeupe kama maziwa, sili, yaani mpira wa kuzuia maji, inavuja.

Kwa sasa, mashine ikiwaka, usiingize nyuma kabisa. Ukifika ufukweni, tumia kasia.