Mashua iliyokauka nchi kavu: usianze na kalafati

SWALI: Fundi, shikamoo. Mashua yangu ya mbao, urefu wa futi 22, imekaa nchi kavu miezi minane. Mbao zimeachana, sehemu nyingine ncha ya kisu inapita na mwanga unaonekana ndani. Nataka kuishindilia kalafati mpya, yaani pamba ya kuziba nafasi za mbao, kabla ya kuishusha majini. Niweke nene kiasi gani?

JIBU: Marahaba. Weka nyundo chini kwanza. Nyufa unazoziona nyingi zitajifunga zenyewe, na ukizijaza sasa utaiumiza mashua.

Ubao ukikauka husinyaa upana, urefu wake haubadiliki sana. Ubao wa upana wa milimita 150 ukisinyaa asilimia 2 tu, unaacha uwazi wa milimita 3. Ukirudi majini huvimba kwa nguvu ambayo msumari hauwezi kuizuia. Kama uwazi umeshajaa pamba ngumu, ubao hauna pa kwenda: unasukuma mwenzake, misumari inalegea, mataruma, yaani mbavu za mashua, yanapasuka. Niliwahi kuletewa mashua yenye mataruma manne yaliyokatika upande mmoja, na mwenyewe aliapa haijagonga mwamba. Kweli haikugonga. Ilikalafatiwa ikiwa kavu.

Iondoe kwanza juani, iweke kivulini. Tandika magunia ndani, kuanzia kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua, kupanda ubavuni, uyaloweshe maji ya bahari asubuhi na jioni kwa wiki moja au mbili. Nasema ya bahari kwa sababu maji ya mvua yanayotuama ndiyo yanayoozesha mbao; chumvi huzuia kuvu. Usiijaze maji ikiwa juu ya magogo, uzito ule utafungua maungio. Nyufa zinazobaki zipake shahamu laini: ubao ukivimba, shahamu hutoka nje bila kudhuru kitu. Kisha ishushe kwenye kina kifupi, pampu na ndoo ziwe tayari, uiache inywe siku mbili tatu. Itavuja sana siku ya kwanza. Usiogope.

Wakati inaloa, kagua misumari, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ukiona weusi kuzunguka kichwa cha msumari wa chuma na ubao hapo umelainika, kutu imeshakula mbao. Kalafati hukaa kwa sababu mbao mbili zinaibana. Msumari usiposhika, utakalafati kila mwezi na itavuja kila mwezi. Choma kwa ncha ya kisu ubao unaopakana na mkuku, na pale mbao zinapoishia kwenye hanamu, ule mti wa mbele unaokata maji. Kisu kikizama bila ukinzani, ubao huo ubadilishwe.

Baada ya siku nne, panapoendelea kuvuja paweke alama ya chaki kwa ndani. Ukiipandisha, shughulikia hapo tu, kabla haijakauka tena. Kwangua pamba iliyooza, acha iliyo imara. Sokota nyuzi za pamba zijaze kama nusu ya kina cha uwazi, uzigonge kwa chembeu, ile patasi butu ya kukalafatia, mpaka sauti ibadilike kutoka butu kuwa kali. Ukiiona pamba ikichungulia ndani, umegonga mno, itoe uanze upya. Nafasi ya juu iliyobaki ni ya puti laini. Usitumie gundi ngumu, kwani mbao zinacheza na gundi haichezi.