Jibu: Mama anatarajia kurudi sokoni wiki mbili baada ya kuwekewa goti bandia

Dada, pole kwa mawazo. Umesema mama anawekewa goti bandia mwezi ujao na ameshawaambia wateja wake wa Gikomba watamwona baada ya wiki mbili. Wewe unaogopa kwamba ukimwambia ukweli utamvunja moyo.

Matumaini yake usiyaguse. Anayeingia upasuaji akiamini atapona mara nyingi hujituma kwenye mazoezi na kupata nafuu nzuri. Kinachohitaji kurekebishwa ni tarehe. Kwa kawaida atatembezwa kwa fremu (kifaa cha kushikilia anapotembea) siku hiyo hiyo au kesho yake, shughuli nyepesi zitarudi baada ya wiki 6 hivi, na goti litaendelea kuimarika hata mwaka mzima. Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hubaki hajaridhika, na matarajio yasiyotimia huchangia sana.

Nendeni kliniki pamoja, mama aulize mwenyewe: lini nitapanda matatu? Nitaweza kupiga magoti kanisani? (Hilo la magoti huwasumbua wengi hata wakishapona, kwa hiyo liulizwe mapema.) Jibu la daktari atalipokea, la binti yake atalibishia, wazazi wetu tunawajua.

Kibanda kitafutieni mtu wa kukishika miezi miwili, mitatu. Mazoezi ya fiziotherapia yasirukwe, hata akinung'unika.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi au kifua kikimbana, ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.