Usimwage Zege Hilo Kabla Hajatia Saini

Usiagize kokoto kesho asubuhi. Jambo unaloliita "ombi dogo la mshitiri" ndilo lililonifanya niuze gari langu la tani tatu na kiwanja changu cha Kibaha mwaka 2017, na maneno uliyoyanukuu kutoka kwake, "Wewe anza tu, tutamalizana," yanafanana sana na yale niliyoambiwa mimi.

Umeeleza kwamba unasimamia ujenzi wa nyumba ya familia huko Dodoma, kwamba baraza ya mbele imechorwa iezekwe kwa mabati, na kwamba mshitiri wako, yaani mwenye nyumba, anayeishi Muscat na anayepiga simu saa tano usiku, sasa anataka baraza hiyo imwagiwe slabu, yaani paa bapa la zege, ili siku za usoni apandishe chumba juu yake, tena bila bei kuguswa na bila siku kuongezeka. Umeuliza namna ya kumkatalia bila kumuudhi, programu ya kompyuta inayofaa kupangia ratiba, namna ya kuwatuliza mafundi anaowatukana kwa simu, na kama inafaa kumtoza kwa muda anaokupotezea usiku. Naanza na slabu, kwa sababu slabu ndiyo itakayokufilisi.

Mwaka 2016 nilipata kazi ya kujenga nyumba ya kulala wageni mjini Morogoro: vyumba kumi na viwili, chini tupu bila ghorofa, paa la mabati, mkataba wa shilingi milioni 148. Nilikuwa mkandarasi wa majengo wa daraja la saba, cheti changu cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi kikiwa bado kinanukia wino, na mshitiri alikuwa mzee mwenye maneno matamu aliyeniita "kijana wangu" tangu siku ya kwanza. Kuta zilipofika kwenye linta, yaani mhimili wa juu ya milango na madirisha, alianza kupiga simu. Kwanza alitaka marumaru za bafuni, zilizokuwa zimepangwa kuishia mita moja na nusu, zipande hadi darini katika mabafu yote kumi na mawili. Nikakubali. Kisha, jioni moja ya Ijumaa, akaniambia kwamba sehemu ya mapokezi, mita za mraba 46, asingependa tena kuiezeka. Alitaka slabu, aweke matangi ya maji sasa na vyumba viwili hapo baadaye. Nilimwambia kwamba bei itabadilika. Akacheka kwa upole na kusema, "Kijana wangu, mimi na wewe tutashindwana? Anza tu."

Nikaanza. Nilipiga mahesabu ya zege kichwani nikaona ni kazi ndogo: mita za mraba 46 kwa unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 6.9, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto hiyo ni kama mifuko 45 ya saruji. Nani aogope mifuko 45? Hapo ndipo akili yangu ilipokomea, na hapo ndipo naona na yako imekomea, kwa maana katika swali lako umetaja saruji, kokoto na nondo za slabu, lakini hujagusa hata mara moja kitakachokuwa chini ya slabu. Nguzo zangu sita za mapokezi zilikuwa za milimita 230 kwa 230, zenye nondo nne za milimita 12, na zilichorwa kubeba bimu nyepesi, kenchi na mabati. Mirunda, yaani miti ya kushikilia zege hadi lishike, ilikuwa imeshasimamishwa na mbao zimepigwa wakati mhandisi wa miundo, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa, aliponiuliza ni nani aliyekagua nguzo na vitako vyake, yaani misingi iliyo chini ya nguzo hizo. Hakukuwa na mtu. Alirudi baada ya siku mbili na mahesabu yake: nguzo zote sita zibomolewe, vitako vichimbuliwe na kupanuliwa, tuanze upya kutoka chini.

Namshukuru mtu yule hadi leo, maana sote tunakumbuka tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu 36. Anayekuomba upandishe uzito juu ya nguzo ambazo hazikukusudiwa uzito huo hakuombi fadhila ndogo, hata kama ameomba kwa sauti ya baba.

Kubomoa, kuchimba, kusuka nondo, kumwaga na kusubiri zege lishike kulinichukua wiki tano, na slabu yenyewe ikadai siku zake. Jumla nilichelewa siku 61. Slabu pamoja na nguzo vilinigharimu shilingi milioni 11.7, marumaru za nyongeza milioni 7.7, yaani milioni 19.4 zilizotoka mfukoni mwangu nikiamini kwamba tutamalizana. Siku ya kumalizana ilipofika, yule mzee alikuja na mwanasheria. Akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu cha fidia ya ucheleweshaji, shilingi 200,000 kwa kila siku, akazidisha kwa 61, akapata milioni 12.2 na kuzikata kwenye malipo yangu ya mwisho. Nilipotaja slabu aliniuliza swali moja tu: "Nionyeshe nilipoagiza." Nilimwangalia. Slabu ilikuwa juu ya vichwa vyetu, tumekaa chini yake kwenye kivuli, naye ananiuliza ni nani aliyeiagiza.

Sikuwa na barua, sikuwa na ujumbe wa simu, na daftari la eneo la ujenzi halikuwa na mstari wowote kuhusu jambo hilo. Kulikuwa na msimamizi wangu aliyesikia nikizungumza, na yeye alisikia upande wangu tu. Mwanasheria niliyemwendea aliniambia kwamba dai langu lina uhai, kwa sababu mtu aliyefaidika na kazi ambayo haikukusudiwa kuwa ya bure anaweza kudaiwa, lakini akaniuliza kama nina miaka ya kusubiri na fedha za kuendeshea kesi. Mafundi walikuwa wanasubiri ujira wao mlangoni kwangu. Nilikubali shilingi milioni 4 alizonipa kwa kunihurumia, nikabaki na hasara ya milioni 27.6 katika kazi ambayo faida yake niliitarajia isifike hata nusu ya hapo.

Kuna wasomi humu watakaocheka kwamba mkandarasi aliyesajiliwa alifanya hivyo. Wacheke, ila kabla ya kucheka wafungue faili la kazi yao ya mwisho wahesabu ni mabadiliko mangapi yaliyofanyika na ni mangapi yana saini. Tena si sisi wadogo tu. Jumba la Opera la Sydney nchini Australia lilianza kujengwa Machi 1959 kwa shinikizo la serikali ya New South Wales, wakati msanifu wake, Jørn Utzon, hajakamilisha usanifu wa mapaa; nguzo za jukwaa zilizokwisha kusimamishwa zikaonekana haziwezi kuyabeba na ikabidi zijengwe upya, na jengo lililokisiwa kugharimu dola milioni 7 za Australia likafunguliwa mwaka 1973 likiwa limemeza milioni 102. Hata serikali inaweza kusema "anza tu."

Ninayemlaumu zaidi kuliko yule mzee ni mtu mmoja niliyemwita kaka mkubwa, mkandarasi mwenye uzoefu wa miaka mingi kuliko wangu, niliyemfuata kwa ushauri jioni ile ile ya Ijumaa. Nilimwambia nataka kumwandikia mshitiri barua yenye bei mpya. Akaniambia nisithubutu, kwamba barua ni dalili ya kutoaminiana, kwamba mteja ni mfalme, na kwamba nikimwandikia atanipaka matope mji mzima nisipate kazi tena. Mwaka uliofuata nilikaa ofisini kwake nikimsubiri, na kwenye rafu nyuma ya meza yake nikaona majalada yaliyopangwa kwa miaka, kila kazi na jalada lake la mabadiliko, kila badiliko na barua yake, kila barua na saini ya mshitiri. Mtu yule hakuwahi kumwaga hata karai moja la zege bila karatasi, na mimi alinituma vitani mikono mitupu. Sijui kama aliniogopa au alinidharau, na sitaki tena kujua, lakini kila ninapomsikia mtu akimfundisha kijana kwamba mteja ni mfalme, damu inanichemka, kwa sababu mfalme naye huandika amri zake na kuzipiga muhuri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, swali lako la namna ya kumkatalia ulifute. Usimkatalie na usimkubalie. Dai lolote likija, la busara au la kichaa, lirudishe siku hiyo hiyo likiwa kwenye maandishi yenye kazi yenyewe, bei yake na siku zake, na beleshi lisiguse mchanga mpaka saini irudi. Usibishane naye kama dai lake ni la haki, maana hiyo ni nyumba yake na fedha ni zake. Bei na siku zitazungumza kwa niaba yako bila kumvunjia heshima. Katika kazi niliyoifanya baada ya ile ya Morogoro, mshitiri alileta madai tisa. Yote nilimrudishia hivyo. Alitia saini matatu na kuyaacha sita, na hatukugombana hata siku moja, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kwamba hayataki.

Kwenye siku hapo usilegee. Wengi wetu tunakumbuka kudai fedha na kusahau muda, kisha muda ndio unaotuumiza, kama zile milioni 12.2. Zege hupimwa uwezo wake likiwa na siku 28, na mirunda ya slabu haing'olewi kwa kuwa mshitiri ana harusi Desemba. Wenye miradi mikubwa wanalijua hili: katika masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999, kifungu cha 20.1, mkandarasi asipotoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua jambo linalompa haki ya kudai muda au malipo ya ziada, anapoteza haki hiyo. Mkataba wako mdogo huenda hauna kifungu hicho, lakini jifunge nacho wewe mwenyewe, na usisubiri 28, usisubiri hata mbili.

Usije ukaniambia kwamba mshitiri yuko mbali na hawezi kutia saini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki, na hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Barua pepe yake au jibu lake la WhatsApp linatosha kuanzia, mradi liwe limeandikwa na usilifute. Akipiga simu, msikilize hadi mwisho, kisha ukikata simu mwandikie yale aliyoyasema na umwombe athibitishe. Mimi ningekuwa na mstari mmoja tu wa namna hiyo kutoka Ijumaa ile, gari langu lingekuwa bado linabeba mchanga.

Mwandikie usiku huu, kabla hajalala: "Shikamoo mzee. Nimepokea agizo lako la leo la kubadili paa la baraza kuwa slabu itakayobeba chumba juu yake. Nguzo na misingi iliyopo ilichorwa kubeba mabati, hivyo mhandisi wa miundo lazima aikague kwanza, na ada yake itakuwa juu yako. Akishatoa michoro nitakuletea bei ya kazi yote na idadi ya siku zitakazoongezeka kwenye mkataba. Kazi ya baraza imesimama hadi nipate kibali chako cha maandishi. Kazi nyingine zinaendelea." Akijibu kwamba amekubali ukaguzi, mwite mhandisi. Akinyamaza, kokoto zibaki machimboni. Na akipiga simu saa tano usiku kukuambia uanze tu, mjibu kwa adabu kwamba unasubiri maandishi yake, kisha uzime simu ulale.