Meli ya MSC au Royal Caribbean: anzia kwenye viza

Dada, umeuliza kati ya MSC na Royal Caribbean, kampuni mbili za meli za matembezi ya baharini, mchukue ipi kwa safari yenu ya kwanza ya meli, nanyi mnatokea Moshi. Mimi ningetazama bandari kwanza, kwa kuwa meli nyingi za Royal Caribbean huondokea Florida, ambako mtahitaji viza ya Marekani, ilhali MSC kwa kawaida huleta meli Durban kati ya Novemba na Machi, na Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza kazi mwaka 2024, ina mabwawa saba ya kuogelea. Wanangu wangeipenda, mimi makelele yangenichosha.

Mkipendelea kuondokea Barcelona, Hispania, ombeni viza ya Schengen (eneo la nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani meli ikitia nanga Tunisia mnahesabiwa kuwa mmetoka eneo hilo.

Nauli hujumuisha chumba na chakula, ila vinywaji vingi, intaneti na bahashishi ya kila siku mara nyingi hulipiwa kando. Kadi ya chumba ndiyo pochi: nilikuwa naigusisha tu kaunta kwa kila soda, hadi asubuhi ya mwisho nilipokuta orodha ndefu ya madeni imepenyezwa chini ya mlango.

Ondokeni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, siku moja kabla, maana ndege ikichelewa, meli haiwangoji.