Maswali ya Wasomaji: Anaitikia "Ndiyo", Nyumbani Anakosea Dawa

SWALI: Natoa dawa dirishani katika hospitali moja mkoani Dodoma. Kila mgonjwa namweleza dozi, namuuliza kama ameelewa, anaitikia ndiyo. Siku chache baadaye anarudi hajapona, na dawa kazitumia kivyake. Wengi ni wazee na kina mama wa vijijini wasiosoma sana. Nifanyeje, na foleni ndiyo hiyo?
Mtoa dawa, Chamwino

JIBU: Anza kwa kuliacha swali la "umeelewa?" Mbele ya koti jeupe, watu wamejipanga nyuma yake, mama wa watu hana jibu jingine. Kusema hajaelewa ni kujiaibisha, tena anaona ni kukukosea adabu. Mwambie hivi: "Mama, nataka nijue kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utazimezaje hizi?" Mpe bahasha mkononi akuonyeshe. Akikosea, usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Eleza kwa njia nyingine, halafu mwombe akuonyeshe tena.

Chukua dawa mseto ya malaria (ALu). Mgonjwa wa kilo 35 na kuendelea hupewa vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Panapoharibika ni dozi ya pili, inayofuata masaa manane baada ya ya kwanza. Ukisema "baada ya saa nane", yeye anaelewa saa nane mchana. Mhesabie wewe. Amemeza vinne vya kwanza hapo dirishani saa 5 asubuhi? Vinne vingine ni saa 1 jioni ya leo. Kesho na keshokutwa, vinne asubuhi na vinne jioni. Mwambie ale kwanza, na apate maziwa, karanga au mboga iliyotiwa mafuta, maana dawa hii huingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta. Na hata homa ikishuka kesho, azimalize. Wengi huzikatisha hapo na kumwekea mwingine akiba.

"1x3" kwenye bahasha, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, haimsaidii. Wapo wanaoisoma kidonge kimoja kwa siku tatu. Chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro weka viduara kulingana na idadi ya vidonge. Lakini usiiamini michoro mpaka wagonjwa kadhaa wameisoma mbele yako bila kusaidiwa. Kama dozi ni nusu kidonge, kikate pale pale.

Dawa za kuweka ukeni zinahitaji ujasiri wako. Ukisema kwa kuficha "za huko chini", atazimeza. Mwite pembeni, umtajie mahali zinapowekwa, na umwambie wazi kwamba hazimezwi.

Pakiti ya maji ya chumvichumvi ya kuharisha (ORS) nayo huchanganywa katika lita moja ya maji safi, lakini chupa iliyopo nyumbani mara nyingi ni ya nusu lita. Pakiti nzima ikitiwa humo, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Mwonyeshe: chupa mbili za nusu lita kwa pakiti moja, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Wakumbushe na wenzako wa maabara: "majibu ni hasi" huwatisha watu, wakadhani wamepatikana na jambo baya. "Hatukuona vimelea vya malaria kwenye damu yako" inatosha.

Kuhusu foleni: usimfundishe mtu mambo kumi. Chagua mawili au matatu ambayo akiyakosea ataumia. Huyo wa malaria ni saa ya dozi ya pili, chakula, na kuzimaliza. Muda unaotumia hapo ni mdogo kuliko wa kumpokea tena akiwa amezidiwa.

SWALI: Mama yangu anajua Kigogo tu. Wodini walimtumia mjukuu wake wa miaka 11 kutafsiri, na sasa anatakiwa kutia dole gumba kwenye fomu ya upasuaji. Ni sawa?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Si sawa. Mtoto hajui maneno ya ugonjwa, na ya aibu huyaruka. Omba mtumishi anayejua Kigogo. Kwa hospitali za huku kwetu si rahisi akosekane kabisa. Daktari amtazame mama wakati anaongea, aseme sentensi moja na kusubiri itafsiriwe. Kabla ya dole gumba, mama aeleze mwenyewe kwa Kigogo: anaumwa nini, watamfanya nini, hatari yake ni ipi, na asipofanyiwa itakuwaje. Akikwama kwenye lolote kati ya hayo, fomu isubiri hadi aelezwe upya.