Simu imeninyang'anya mwanangu

"Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 12, yuko darasa la sita. Tangu tuhamie Mbagala kutoka Tanga mwezi wa kwanza, akitoka shule ni simu tu, ile ya zamani ya baba yake. Saa saba usiku namkuta chini ya shuka, mwanga unammulika usoni. Saa kumi na moja nikimwamsha ananijibu kwa ukali. Juzi nilimnyang'anya, akalia kama amefiwa, hakula mpaka kesho yake. Baba yake anasema bora simu kuliko kuzurura. Mdogo wake wa miaka 3 naye hali bila katuni. Nifanyeje?"
Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu. Neno lililonishika kwenye barua yako si simu, ni Tanga. Umelitaja kwa kupita tu. Mtoto ameacha wenzake wote wa kucheza nao chandimu, akaletwa mtaa asikomjua mtu. Simu imemkuta mpweke, ikamkaribisha. Nayo haimwachii kirahisi: zile video fupi zimetengenezwa zisiishe, ikimalizika moja nyingine inajileta. Mimi na umri wangu huu zimeshaniunguzia maharage.

Anza na usingizi. Saa saba hadi saa kumi na moja ni saa nne tu, na mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12. Kwa usingizi huo hata mimi ningekujibu vibaya. Chaja zote zihamie chumbani kwenu, na ikifika saa mbili usiku simu zilale huko. Zote, ya baba yake ikiwemo. Ukimwambia aweke yake huku wewe unachungulia status, umeshindwa kabla hujaanza.

Kunyang'anya ghafla acha. Mkalishe akiwa ameshiba, mpange saa za simu, naye aseme zake. Muulize pia anaangalia nini. Kama yumo TikTok, amedanganya umri, maana wanataka miaka 13.

Huyo mdogo asikuumize kichwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linashauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku kwenye skrini, na ikipungua ndiyo bora. Zima katuni wakati wa kula. Atagoma siku mbili tatu, njaa itamrudisha mezani.

Ila kaka yake akizidi kujifungia, akikataa chakula siku nyingi au akisema haoni faida ya kuishi, usisubiri. Mpeleke hospitali, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa watoto.

Baba yake ana nusu ya haki. Anauogopa mtaa asioujua. Basi Jumamosi atoke naye, watafute uwanja wanapocheza watoto wa rika lake, asimame pembeni mpaka mtoto aingizwe timu. Na jioni, kabla simu hazijalala, mpe yako ampigie rafiki yake mmoja wa Tanga. Apige, asiandike meseji. Wewe kaa jikoni usikilize anavyocheka.